Asubuhi tatu za karvediloli

Asubuhi ya nne nilimkuta mzee ameketi wima kitandani, akiongea neno mojamoja, mapigo 122. Kwenye chati yake ya dawa mwandiko wangu ulikuwa umejaza asubuhi tatu zilizopita: karvediloli haikutolewa, presha iko chini. Lisinoprili, dawa yake nyingine, vivyo hivyo. Safu ya kumwarifu daktari ilikuwa tupu.

Sista wa zamu hakunigombeza. Alishika kitambaa cha mashine ya presha: "Hiki ni cha mkono mnene." Mkono wa mzee ulikuwa ngozi na mfupa, kitambaa kikauzunguka karibu mara mbili. Kitambaa kikubwa hushusha namba, kidogo huipandisha. Kwa kile kikubwa tulipata 90. Akafunga kinachomtosha, akaegemeza mkono kwenye mto usawa wa moyo, akasikiliza kwa masikio yake: 102 kwa 64.

Kisha akafunua kurasa za nyuma. Tangu alazwe, namba ya juu ilikuwa ikicheza kati ya 96 na 106. Ndiyo presha yake. Ile kanuni yangu ya "chini ya 100 usitoe" nilitoka nayo wodi nyingine. Kwa mgonjwa huyu hakuna aliyeiandika.

"Hii karvediloli anapewa ya nini?"

"Presha, Sista."

"Ya moyo, mwanangu. Moyo wake hausukumi vizuri."

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Amlodipini, dawa ya presha, ukiiruka siku moja, mara nyingi hakuna kishindo, maana hukaa mwilini siku kadhaa. Karvediloli ni breki ya moyo: ukiiachia ghafla moyo unakwenda mbio. Klonidini, dawa nyingine ya presha, nayo ikikatwa ghafla, presha hurudi juu kwa nguvu. Na kila dawa ina swali lake kabla ya kuizuia: karvediloli, mapigo yaliyohesabiwa dakika nzima; lisinoprili, potasiamu ya damu na hali ya figo.

Daktari alianza na furosemaidi ya mshipa, dawa ya kutoa maji mwilini. Karvediloli ilirudi jioni, nusu dozi, pamoja na chakula, na safari hii aliandika mipaka: zuia namba ya juu ikiwa chini ya 85, mapigo chini ya 50, au akisimama ishuke 20 na apate kizunguzungu. Ukizuia, pima tena, piga simu.

Kile kitambaa Sista alikibandika plasta, akaandika kwa kalamu nene: MKONO MNENE TU.