Rova iligoma baada ya apdeti, tukiwa shambani Pongwe

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilifanya apdeti ya rova, ile mashine ya kupimia ardhi kwa setilaiti ambayo mpima anatembea nayo, usiku wa saa nne, niko nyumbani Chumbageni, Tanga, na kesho yake asubuhi tuna kazi Pongwe ya kukata shamba la urithi. Kontrola, yaani kakompyuta ka mkononi ka kuiendeshea rova, ilikuwa inanisumbua wiki nzima na kale kaujumbe kuwa kuna toleo jipya, intaneti usiku inakimbia, nikabonyeza. Ikapakua, ikajaza, mashine ikazima ikawaka, taa zote kijani, nikalala zangu.

Saa mbili asubuhi tumeshafika, warithi wako pale na majirani wa mipakani, mwenyekiti wa mtaa naye kaja na daftari lake, maana mipaka ya urithi bila mashahidi ni kesi ya kesho. Tukasimamisha besi, mashine ya pili inayokaa palepale na kuirushia rova masahihisho ya vipimo kwa redio, kwenye bikoni ya zamani, ile alama ya upimaji iliyochimbiwa ardhini, tripodi ikakaa sawa, taa ya redio inapepesa kila sekunde kama kawaida. Nikachukua rova, nikafungua kontrola, nikabonyeza unganisha, kimya. Blututhi inasema rova ipo kwenye orodha ila haiunganishi, inazunguka weee halafu inakata. Nikazima nikawasha, nikatoa betri nikarudisha, mnajua zile dawa zetu za kwanza, wapi!

Mzee wetu wa kushika fimbo, huyu kafanya kazi na wapimaji tangu enzi za minyororo, ananiangalia tu. "Mwanangu, hiyo mashine ina njaa au imekasirika?" Watu wakacheka, mimi jasho linanitoka.

Kilichonisaidia blututhi ni hiki. Ile rova iliyo kwenye orodha ni ya zamani, yaani kontrola inakumbuka makubaliano waliyoyafanya kabla ya apdeti, wakati rova yenyewe imeshayafuta. Hapo hata ubonyeze mara mia hawataelewana. Nikaingia kwenye mipangilio nikaiambia kontrola iisahau kabisa ile rova, nianze kutafuta upya. Sasa naitafuta, haionekani hata jina! Hapa nilipoteza kama nusu saa nikidhani redio ya blututhi imeungua. Kumbe programu ya upimaji kwenye kontrola nayo ilijiapdeti usiku uleule na ruhusa zake zimeondoka. Kontrola yangu ni ya Android, na Android bila kuruhusu lokesheni, na kwenye matoleo ya karibuni ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, programu haitaona kifaa chochote cha blututhi hata ukikiweka juu yake. Nikaruhusu zote mbili, nikawasha na lokesheni yenyewe maana ilikuwa imezimwa, jina likatokea hapohapo, nikaweka namba ya siri, ikashika.

Nikashangilia mapema. Setilaiti ziko tele ila rova inasoma peke yake, haipokei masahihisho kutoka besi, na ukipima hivyo unakosea kwa mita kadhaa, mpaka wa kiwanja haupimwi hivyo. Nikaanza kulaumu minazi, nikalaumu antena, nikabadilisha nyingine, nikasogea kwenye uwazi. Mwenyekiti akaniita pembeni kwa adabu, "Mtaalamu, mimi saa sita nina kikao."

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni. Nikaibeba rova nikaisimamisha hatua chache tu kutoka besi. Kama tatizo ni minazi au umbali, hapa lazima ishike. Haikushika. Taa ya besi inapepesa, ya kupokea kwenye rova imekufa kabisa. Basi nikajua hizi mbili zinaongea lugha tofauti, si suala la kusikiana. Nikaunganisha kontrola na besi, nikapiga picha kwa simu ukurasa wote wa redio, nikarudi kwenye rova nikafungua ukurasa uleule, nikasoma mstari kwa mstari. Masafa sawa, protokoli (utaratibu wa kupanga ujumbe hewani) sawa, ila upana wa chaneli, besi iko 25 kHz na rova iko 12.5. Besi sikuiapdeti, imebaki na mipangilio yetu, rova imerudishwa ya kiwandani. Kwenye protokoli tunayotumia, upana ukipungua nusu na kasi ya hewani inashuka nusu, toka biti 19200 kwa sekunde hadi 9600, sasa hapo masahihisho yatapita wapi? Nikabadilisha rova iwe 25, nikahifadhi, taa ikaanza kupepesa, skrini ikaandika floti, yaani masahihisho yanaingia ila kipimo hakijatulia, haijapita dakika ikawa fiksi, kimetulia. Mzee akasema, "Aa, ilikuwa imesusa."

Nikamwambia mzee tusianze kwanza, twende kwenye bikoni nyingine ambayo namba zake za mahali ilipo (koodineti) nazijua. Hii tabia nilifundishwa nikiwa mwanafunzi wa mazoezi na siku hiyo ndiyo iliniokoa, maana fiksi ilikuwa nzuri, sentimita mbili, ila namba zimehama karibu mita 300 kaskazini-kusini! Apdeti ilikuwa imenirudisha kwenye WGS84, mfumo wa koodineti wa dunia nzima unaotumiwa na GPS, na kazi yetu iko kwenye mfumo mwingine, Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini. Fiksi haikwambii hilo, yenyewe inajua tu iko imara na besi. Nikarekebisha, nikapima tena, zikakubaliana.

Besi niliiapdeti Jumamosi iliyofuata, mchana, niko uani na vifaa vyote viwili, nikiwa na picha za mipangilio kwenye simu. Na yenyewe ilirudi 12.5 vilevile.

Siku ile bikoni ya mwisho tuliichimbia jua likiwa limeshainamia upande wa Muheza. Mwenyekiti alienda kikao chake akarudi, akasaini, akaniuliza kama na simu yake akiiapdeti itamsahau mkewe. Nikamwambia aulize fundi simu, mimi ni mpima tu.