Mshenga Mwenye Kigugumizi

Mpwa wangu alipotaka kuoa Tukuyu, ukoo haukukosa wasemaji. Kuna shemeji yangu mmoja akishika maikrofoni msibani hata marehemu inabidi asubiri. Kijana akawakataa wote. Akasema atakayekwenda kuposa ni mjomba. Mjomba ni mimi, na mimi nina kigugumizi tangu nianze kuongea.

Kwa asiyekijua, kigugumizi kina visa. Nikiimba kwaya sikwami. Nikisali pamoja na wenzangu sikwami. Nikiwa peke yangu na ng'ombe, mimi ni mtangazaji wa redio. Shughuli inaanza mtu akinitazama mdomoni kusubiri neno, na hasa neno lenyewe likianza na T, K au P. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watu wazima 100, mmoja hivi ana hali hii, na wanaume ndio wengi. Kwa hesabu hiyo, kila mabasi mawili yanapojaa pale stendi ya Igumbilo, Iringa, huenda yupo mwenzangu dirishani, anajifanya amelala ili asisemeshwe.

Niliondoka asubuhi na begi, barua ya posa iliyofungwa kwenye leso pamoja na noti chache za kufungulia mazungumzo, na kipande cha kamba ya katani chenye mafundo 20. Hiyo kamba ina hadithi yake. Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1926, aliwashauri wagonjwa wake wafunge mafundo 20 kwenye kamba, kisha kila asubuhi na kila jioni wayapitie kwa vidole huku wakijiambia kwamba wanazidi kuwa bora siku hadi siku. Aliamini kwamba nia ikishindana na taswira iliyomo kichwani, taswira ndiyo inayoshinda. Hapo nilimwelewa haraka, maana miaka yote nimekaza nia nisikwame, na kadiri ninavyokaza ndivyo koo linavyofunga. Basi nikatunga sentensi yangu, "Nazungumza bila kukwama," nikayapitia mafundo yote chumbani, maneno yanatiririka kama maji. Jirani akapiga hodi. "Karibu" ikagoma kutoka mpaka akafungua mlango mwenyewe.

Nikaichukua kamba hivyo hivyo.

Kutoka Mafinga barabara inapita kwenye misonobari ya Sao Hill, ukifumba macho unahisi kivuli na jua vinapishana usoni. Nilifumba. Nikajiona nimesimama sebuleni kwa wakwe, suti imenikaa, sauti nzito, maneno yanapangana. Taswira nzuri, ila kila nikimtazama usoni yule bwana, si mimi. Ni shemeji. Makambako tukashuka kujinyoosha, upepo unakata masikio, nikanunua mahindi ya kuchemsha kwa kunyoosha kidole. Igawa na Chimala nilizipita usingizini kweli.

Nililala Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka. Siku iliyofuata ilikuwa yangu, maana wenyeji walikuwa wananitarajia kesho yake. Nikapanda kosta, na konda, kijana mwenye koti la kijeshi, akaniuliza nashukia wapi.

Nikafungua mdomo. T ikakaa. Abiria wa mbele wakageuka. Nikafanya ninachofanya siku zote, nikashika neno lolote lililo karibu lisiloanza na T: "Ngosi."

"Elfu mbili mzee."

Ndivyo nilivyojikuta nimeshushwa kando ya barabara, mbele ya kibao cha ziwa ambalo sikupanga kulitembelea, ukungu mpaka magotini. Kijana mmoja wa hapo akajitolea kunipandisha, tukapatana bei. Tulianzia kwenye mashamba ya viazi, tukaingia msituni, na kutoka hapo kazi ikawa ya matope. Njia ni nyembamba, mizizi imejipanga kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi, mianzi inakumwagia maji shingoni ukiigusa. Kuna migomba pori isiyozaa ndizi ya kuliwa, na kijana akanieleza kwamba wazee huyaheshimu maji ya Ngosi na wengine huyateka kwa dawa. Mimi nilikuwa nahema tu. Jambo zuri la kupanda mlima ni kwamba hakuna anayetegemea uzungumze.

Ukingo wa ile kreta, yaani shimo la volkano lenye hilo ziwa, unafika kama mita 2,620 kutoka usawa wa bahari. Tulipofika hakukuwa na ziwa, kulikuwa na weupe. Nikakaa juu ya gogo. Kijana naye akakaa, hakuwasha muziki wa simu, Mungu ambariki. Baada ya muda hata kuhema kuliisha, nikasikia matone yakidondoka majanini, halafu nikaacha kuyasikiliza pia.

Sikumwita yule bwana wa suti. Alikuja mwenyewe, akasimama sebuleni, akaanza hotuba yake, nami nikamwacha amalize atoke. Kisha nikaingia mimi. Koti langu lile lile, mkono unapigapiga goti kama kawaida yangu. Nikajiona nafika kwenye T, inakaa, wazee wananitazama, kimya, wananitazama tu. Halafu inatoka. Na mazungumzo yanaendelea. Nikairudia ile picha tena na tena, kila mara nikiacha ule mkwamo urefuke kidogo, mpaka ukanichosha kuuogopa. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, alisema kinachosikika mdomoni ni kile kipande cha mlima wa barafu kinachochungulia juu ya bahari. Chini ya maji kuna aibu, hofu na mbinu za kujificha. Nilikuwa nimesoma hayo zamani. Siku hiyo, baada ya kupanda mlima mzima kwa sababu ya herufi moja, niliyacheka kwa sauti mpaka kijana akageuka.

"Mzee, uko sawa?"

Ukungu ulikuwa umepasuka. Maji yalikuwa chini sana, ya kijani, yametulia ndani ya kuta za msitu. Akanionyesha kwa fimbo pale watu wanaposema ziwa limekaa kama ramani ya Afrika. Mimi niliona kiatu, lakini sikubishana.

Kwenye kosta ya pili konda aliuliza. Nikasema T-T-T-Tukuyu. Ilichukua muda. Akanipa chenji.

Kesho yake, sebuleni kwa wakwe, nilimaliza shikamoo nikaanza na hilo: "Wazee wangu, nina kigugumizi. Nitakwama. Nikikwama naomba msinimalizie neno." Kisha nikatoa leso, nikaeleza nimetumwa na nani, nimekuja kuomba nini. Nilikwama vibaya kuliko nilivyojiona kule mlimani. Kwenye jina la binti, ambalo nalo linaanza na T, kaka yake akashindwa kuvumilia akalitamka. Bibi mzaa baba, aliyekaa kwenye mkeka na khanga mabegani, akamgeukia: "Wewe ndiye unayeposa?" Kijana akanyamaza. Nikalisema mwenyewe.

Barua ilipokelewa, tukaletewa ndizi na nyama, na katikati ya kula bibi akataka kujua kama kwetu watu wote wanaongea polepole namna hii au ni heshima tu. Nikamwambia ni vyote viwili.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki kadhaa: ng'ombe saba, blanketi la bibi, na mazungumzo ya mahari wanataka mshenga awe yule yule. Mpwa alinipigia usiku huo huo. "Mjomba, ukirudi huko, hiyo saba kwama nayo mpaka washuke wenyewe."