Uvumi una mbio kuliko feri

Kazi yangu ni kuchambua data za mitandaoni: nani kasambaza nini, saa ngapi, na kikafika wapi. Wengi hudhani mchawi wa uvumi ni roboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na kompyuta. Lakini mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na hata walipoziondoa roboti, uongo bado uliongoza. Ni sisi wenyewe, wallahi. Tukikuta kitu kipya cha kushtua, kidole hakingoji.

Juzi shangazi yangu wa Kisauni alinitumia kwa WhatsApp sauti ya mtu asiyejulikana, eti feri za Likoni, hapa Mombasa, zimesimama. "Mwanangu, waambie na wenzako." Nikamuuliza, shangazi, nani kasema? "Imekuja kwenye grupu yetu ya madrasa." Basi, kwake hilo latosha, kwani wale ni watu anaowaamini.

Huko hesabu zangu haziingii. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa baina ya anayetuma na anayepokea, nami naona ni sawa kabisa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inatubana watu wa kazi hii, na itubane.

Jumapili nakwenda kwake. Nitamwonyesha ile mishale miwili inayotokea ujumbe ukishasambazwa mara nyingi.