Kugawana nishani za babu? Thubutu!

Babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika Mashariki, akapelekwa Bama (Myanmar ya leo), lile bonde la Kabaw mwaka 1944 ambako askari wa Afrika Mashariki walikuwa wanapigana na Wajapani huku malaria nayo inawashughulikia. Alipofariki kikao cha ukoo kikaamua kila mtoto wake abebe nishani moja, eti ndo haki. Mie mjukuu nikagoma.

Baba mdogo ndo alikuwa kaing'ang'ania ile nishani yenye umbo la nyota, kwa vile ni ya njano yeye kichwani ni dhahabu, akaibeba hadi kwa sonara na mimi huyo nyuma yake, nisikose sinema. Sonara kaigeuza geuza, kacheka, "Mzee hii shaba, imechanganywa tu." Baba mdogo akataka ipimwe tena. Ikapimwa. Shaba ileile. Njia nzima hakunisemesha, tulipofika getini akanitupia, "haya shika madude yenu".

Sasa wengi hawajui hili, nyota walizopewa Keya vita ya pili hazikuchongwa jina, si kama medali za Waingereza za vita ya kwanza ambazo jina na namba ya askari viko ukingoni. Kwa hiyo ukishaitenganisha na karatasi zake nani atajua ilikuwa ya babu yako? Cheti chake cha kuachiwa jeshi, mikunjo imeshatoboka, ndo mali yenyewe. Nikakipiga picha mbele na nyuma pamoja na nishani zote, nikachapisha, kila nyumba ikapata fremu yenye seti nzima, orijino zote zikabaki kwa shangazi na tukaandikishana mbele ya mashahidi. Vihela vya fremu tulichanga, kelele zikaisha siku hiyohiyo!

Halafu wale wa "zisugueni na dawa ya shaba zing'ae", jamani acheni, inakula nakshi kidogo kidogo. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Na msitundike juani, ule utepe wa nishani ya Bama, mwekundu katikati, buluu na chungwa pembeni, utapauka wote. Shangazi kazifunga kwenye kitambaa cha pamba, mfuko wa nailoni niliutoa mwenyewe maana unatunza unyevu.

Kuna anayenisumbua tupeleke makumbusho. Sina neno, ila nataka iandikwe kabisa kama tunawapa moja kwa moja au tunawaazima, na cheti kiende pamoja nazo.