Kichwa cha treni kimeamka
Jana usiku nimekifungua kile kichwa cha treni cha mfano, cha zamani, kilichokuwa kinanguruma tu bila kusogea. Nilishaanza kuilaumu mota, kumbe masikini haina kosa kubwa! Grisi ilikuwa imeganda kwenye gia kama nta, na vumbi la kaboni limejaa kwenye mianya ya komyuteta, ile pete ya shaba ya mota inayopokea umeme. Nikachokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, nikafuta kwa spiriti, nikabadilisha kaboni zilizolika, vile vipande vinavyoigusa komyuteta na kuipa umeme. Rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, sikuichomoa: sumaku hizi za zamani hupungua nguvu ukiitoa bila kuziba nafasi yake kwa kipande cha chuma. (Niliwahi kuharibu moja hivyo, bado inaniuma.) Tone moja la mafuta kwa kila beringi, nikapandisha umeme polepole kuelekea volti 12. Kikaondoka! Cheche bado zipo kidogo, kaboni mpya hazijakaa sawa.