Marijani nimwachie nani

Barua ya chuo ilikuja mwezi wa 8 mwaka 2018. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka barazani, na mimi nilikuwa na furaha kabisa, lakini wallahi kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni Marijani. Kozi ilikuwa ya miaka 2, ualimu wa chekechea, na chuo kiko Malindi. Sasa punda nimwachie nani?

Marijani alikuwa punda wa baba, jike wa kijivu ana ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatiza mabegani. Baba alifariki 2016. Kwa mtu asiyeijua Lamu, vichochoro vyetu gari haipiti, kwa hivyo mawe ya kujengea, mchanga, saruji, mitungi ya gesi, yote ni punda ama mkokoteni, na karo yangu ya sekondari ilitoka ndani ya shogi, ile mikoba ya mizigo ya mgongoni, za huyu Marijani, trip baada ya trip. Baba alipoondoka nikabaki mimi ndio wa kumwangalia: alfajiri maji na pumba, jioni nampeleka ufuoni nikamwogeshe, na kijana wa mtaani alikuwa akimpigisha trip mbili tatu asubuhi tunagawana. Mdogo wangu alikuwa na miaka 15, yuko shule mchana kutwa, na mama miguu yake haikuwa ya kubeba ndoo.

Kumwacha alale nje azurure kama punda wengi wanavyozurura usiku sikutaka hata kusikia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 ndio, lakini jaani bado zilikuwa zimejaa ile ya zamani, na punda akila plastiki humkaa tumboni hadi ikamziba. Alafu miaka ile kulikuwa na machinjio ya punda bara yenye leseni, ngozi zinaenda China, na habari za punda kuibiwa tulikuwa tunazisikia kila siku kwenye redio. Sisi tuko kisiwani, sawa, lakini mama usiku alikuwa halali.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja upande wa Wiyoni ana zizi lake, ukuta wa mawe, paa la makuti, punda kama 8 hivi, wake na wa watu. Nikaenda. "Njoo mwanangu, keti," akanipisha kwenye mkeka, akanieleza. Ukimweka kwa nusu unalipa 1,500 kwa mwezi: mzee anampa pumba na maji asubuhi, anamfanyisha kazi mpaka adhuhuri na pesa ya hizo trip ni yake, alasiri kwenda mbele ni juu yenu, majani, maji ya jioni, kuoga, kupe. Ukimweka kamili ni 4,500, hapigishwi kazi bila ruhusa yangu, na kila kitu mpaka kumpeleka kukatwa kwato ni yeye. Nilikuwa na akiba ya kunitoa miezi michache tu kwa hesabu ya nusu, kwa kamili hata sikuthubutu kupiga hesabu.

Ami wangu alisema papo hapo. "Punda ni wa kazi. Umlipie akae kitako, na wewe mwenyewe utakula nini huko Malindi?" Na sikumlaumu, ami alikuwa anaogopa nitakwama katikati ya kozi.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Shela kumsaidia shangazi, alikuwa anapika kwenye nyumba ya wageni. Kulikuwa na mama mmoja Muingereza, mtu mzima, kila asubuhi anasimama kuwatazama punda wanaopita na mchanga, mpaka nikamuuliza. Kumbe ana farasi kwao. Nikamweleza shida yangu kwa Kizungu changu cha kuungaunga na yeye akakaa chini kabisa tukaongea kama saa nzima. Akanambia Uingereza watu wengi hawana zizi nyumbani, wanaweka farasi wao kwa wenye mazizi, na mipango iko mingi: kuna kukodi nafasi tu na kazi zote unafanya mwenyewe, kuna nusu, wenye zizi wanalisha na kumpeleka malishoni asubuhi na wewe unabaki na kazi zilizobaki, kuna kamili, hushiki hata ufagio, alafu kuna ile ya farasi kufanya kazi hapo zizini, watu wanajifunzia kupanda, na ndio sababu bei yako inashuka.

Hapo nikashtuka. Nusu ya mzee ilikuwa ni mipango 2 imefungwa kwa kamba moja. Nilikuwa nimeichukulia ni nusu ya malezi, kumbe ilikuwa ni nusu ya malezi na Marijani anajilipia ile bei iliyopungua kwa mgongo wake mwenyewe.

Akanambia na lingine ambalo mpaka leo nalishika: muandikiane. Si pesa tu. Nani anampa maji saa ngapi, na ukiwa hupatikani kwa simu, nani ana ruhusa ya kumwita daktari bila kukungoja.

Bado lakini pesa ilikuwa ni pesa. Nikarudi kwa mzee nikamuomba nijaribu nusu wiki 2 kabla sijasafiri, nione inavyokwenda nikiwa bado niko mjini. Akakubali bila shida. Mdogo wangu nikampa zamu ya jioni akafurahi, akajiona mwanamume. Na mimi nikajizuia nisiende, maana nilitaka kuona itakuwaje nikiwa Malindi.

Siku ya 9 moyo ukanishinda. Nikaenda baada ya magharibi na tochi ya simu. Marijani aliponisikia akageuza masikio lakini hakuja, na huyu ni punda ambaye alikuwa akisikia kanga zangu tu anakuja kunisukuma kwa kichwa. Nikamulika ndoo yake. Kavu. Chini kuna ukoko wa kijani umekauka na mchwa wawili watatu wanatembea. Punda kwa joto letu anaweza kumaliza lita 20 kwa siku, na punda si mtu wa kulalamika, akiumwa anasimama tu kimya mpaka ukiona ujue imeshakuwa kubwa. Nikamchotea akanywa hajainua kichwa, nikamuongeza akanywa tena.

Kumbe mdogo wangu alidhani kijana wa mzee ndio anaweka maji, kwa sababu siku 2 za mwanzo alikuta ndoo imejaa. Na kijana wa mzee alipoona mdogo wangu anakuja kila jioni akaacha, akajua mwenyewe yupo. Hakuna aliyefanya makusudi. Kila mmoja alikuwa na hakika kabisa na mwenzake.

Alafu nikapitisha mkono mgongoni, kama baba alivyonifundisha, vidole vimekunjuka, polepole kutoka shingoni. Pale juu ya mabegani akatetemeka ngozi. Nikamulika: kidonda, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, manyoya yametoka na uzi wa gunia umegandia ndani. Gunia lilikuwa limekunjika chini ya shogi na kazi ikaendelea hivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye ule mchanga nikalia, nasema kweli.

Asubuhi nikamwambia mzee. Hakukataa. "Mwanangu, ni kweli alitoka tena alasiri. Mteja akiongeza safari na punda yuko mkononi, kijana hamwambii la." Alikuwa na haya usoni, na mimi sikumpandishia sauti, ni mtu mzima wa kumheshimu na alikuwa akimjua baba.

Nikampeleka Marijani hospitali ya punda pale ufuoni, ile iliyopo tangu 1987 na hawatozi kitu. Wakamtoa ule uzi kwa kibano, wakamuosha, wakamdunga ya pepopunda. Daktari alipomshika tumbo akanitazama, akavaa glavu ndefu akampima, akasema ana mimba, kama miezi 7. Sisi tulidhani ni majani! Punda anabeba karibu mwaka mzima, kwa hivyo ilikuwa imebaki miezi 5 na zaidi, na akanambia mizigo sasa basi.

Kwa hivyo hapo haikuwa tena swali la nusu au kamili, swali lilikuwa pesa zitoke wapi. Nikauza simu yangu nzuri nikanunua ya vibonyezo. Ami, yeye yule, akaja usiku akakaa kimya muda mrefu alafu akasema 1,000 kila mwezi ni juu yake mpaka azae. Mama akaanza kupika mahamri ya asubuhi kwa oda. Na mzee mwenyewe akapunguza mpaka 4,000, akasema 500 ni ya kile kidonda.

Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mistari 7, mstari wa kwanza ni maji: asubuhi, adhuhuri, jioni, na aliyeweka aweke alama ya chaki ukutani ili mwingine asidhani. Wa mwisho ni daktari: mzee aite bila kuningoja, aniflash tu.

Nikavuka Mokowe na boti ya alfajiri, nikapanda basi, barabara ya Garsen bado ilikuwa vumbi, na njia nzima nilikuwa nanusa mikono yangu kwa sababu nilitoka zizini sikunawa vizuri.

Januari usiku mmoja simu ikaflash mara 3 mfululizo. Nikatoka nje ya bweni peku, nikapiga, vidole vinatetemeka.

"Amezaa," mzee akasema. "Dume. Ashasimama, anatafuta maziwa."

"Na mama yake, maji amekunywa?"

"Ndoo nzima, mwanangu. Nimempa mimi, si kijana. Na chaki nimeweka."