Picha za platini, mwezi wa tatu: kumbe karatasi ilikuwa na kiu

Karatasi ya 19 inaning'inia kwenye waya ikikauka, na kwa mara ya kwanza anga limetoka laini. Ni picha ileile ya mti mkavu niliyoanza nayo. Wiki nne nzima anga lake lilikuwa likitoka kama limenyunyiziwa unga wa mkaa. Nilibadilisha brashi, nikatengeneza upya negativu (filamu ambayo mwanga na kivuli vimegeuzwa), nikamwaga hata chupa ya dawa ya chuma iliyokuwa bado nzima. Kumbe karatasi ilikuwa kavu mno.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: njia hii ya kuchapa picha kwa platini William Willis aliipatia hataza Uingereza mwaka 1873. Haina fedha wala jelatini. Unachanganya oksaleti ya chuma na chumvi ya platini, unaipaka karatasi ya pamba kwa mkono, ikikauka unailaza negativu juu yake na kuianika kwenye mwanga wa urujuanimno. Mwanga unakigeuza chuma, na chuma hicho kikikutana na dawa ya kusafishia kinaiacha platini yenyewe ndani ya nyuzi za karatasi. Kwa hiyo picha haing'ai hata kidogo, na vivuli vyake vina kina ambacho sijakiona kwenye karatasi za dukani. Negativu lazima ilingane na picha kwa ukubwa. Yangu ni inchi 5 kwa 7.

Sasa unyevu. Kipima unyevu changu kilisoma asilimia 38 siku zote zile za chembechembe. Juzi nililaza karatasi kwenye boksi lenye sinia la maji chini yake, nikangoja mpaka kikasoma 60. Tofauti niliihisi mkononi kabla ya kuiona kwa macho. Kwenye karatasi kavu dawa hunywewa papo hapo na brashi hukwama. Safari hii iliteleza, nikapata muda wa kupitisha kwa urefu, kisha kwa upana, mpaka pakawa sawa. Hata baada ya dakika 7 za mwanga, taswira hafifu ya matawi ilikuwa imeshajitokeza, kitu ambacho karatasi kavu hazikuwahi kunionyesha.

Kusafisha ni tendo la mkupuo mmoja. Oksaleti ya potasiamu inamiminwa yote bila kusita, na picha inatokea hapohapo. Karatasi ya 17 nilisita kidogo tu. Mstari umebaki katikati ya shina na hautoki. (Glavu ni lazima, oksaleti ni sumu.) Baada ya hapo ni maji matatu ya asidi ya sitriki hadi umanjano wa chuma uishe.

Mchanganyiko wangu ni matone 12 ya chuma, 6 ya platini na 6 ya paladi, metali ya jamii ya platini. Paladi iliingia kwenye kazi hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, platini ilipohitajika vitani na kuadimika. Willis alitoa karatasi yake ya paladi mwaka 1916. Mimi naitumia kwa sababu inaleta joto la kahawia ninalolipenda.

Kilichobaki ni shina: weusi wake bado umepauka. Negativu yangu haina nguvu ya kutosha kwa dawa hii, kwa hiyo karatasi ya 20 itasubiri negativu mpya yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na kivuli. Boksi la unyevu nimeshalijaza maji.